Yakuza 0 kwenye pleisteshen: stori ya kiwanja ni kweli tupu, stori ya heshima msiimeze nzima

Ukiniuliza gemu hii ya Yakuza 0 inafaa kununuliwa, nianze na jibu kabisa: nunua. Au kama huna mashine nyumbani, tafuta kibanda cha pleisteshen chenye nayo ulipie masaa yako ucheze, hii ni moja ya gemu zenye stori nzito kabisa nilizowahi kushika. Lakini kuna jambo nataka kulisema wazi mana naona vijana wengi huku kwetu, Majengo, Kisauni, Bondeni, wanaipenda kwa ajili ya zile suti, ule mwendo wa madaha, vile bosi akiingia chumbani wote wanainama, alafu wanatoka kibandani wanaongea kama kule Japani genge ni chama cha mashujaa. Mimi nimeimaliza na nimesoma sana habari za yakuza wenyewe, yani yale magenge ya Japani, kwa miaka, na naona hivi: gemu hii inasema ukweli mtupu kuhusu ardhi na pesa, lakini kuhusu roho za wale watu imepaka rangi sana. Ukiijua hiyo tofauti utaifaidi mara mbili.

Ya msingi kwanza. Imetengenezwa na Sega, ilitoka Japani Machi 2015 kwa PS3 na PS4, nchi nyingine ikafika Januari 2017, baadae ikaingia kwenye kompyuta na Xbox. Mlolongo wenyewe ulianza 2005 kwenye PS2 na una gemu nyingi, lakini hii inasimulia mwanzo wa kila kitu kwa hivyo huhitaji kucheza nyingine kabla. Niliyocheza mimi ni ya PS4. Stori kuu peke yake ni kama masaa 30, na ukianza kufuata vijistori vya pembeni utakesha.

Lugha ni Kijapani, maandishi ya chini ni Kiingereza, Kiswahili hakuna. Na maandishi ni mengi kwelikweli, kuna mahali utaweka padi chini dakika ishirini ukisoma tu, kwa hivyo kama Kiingereza chako ni cha kusukuma utachoka mapema, afadhali ukae na mwenzio anaesoma haraka akutafsirie, hivo ndo tulivofanya mimi na mpwa wangu. Sauti ya Kijapani yenyewe huku si geni, nani Mombasa hajawahi kupanda Probox iliyotoka meli juzi ukasikia yule mwanamke wa kwenye redio anaongea Kijapani kila gari likiwashwa? Alieigiza sauti ya Kiryu, mhusika mkuu, anaitwa Takaya Kuroda, na akikasirika hata bila kuelewa neno utanyoosha mgongo.

Sasa stori. Ni Disemba 1988, Tokyo, mtaa unaoitwa Kamurocho. Mtaa huo ni wa kubuni lakini umechorwa kwa kufuata Kabukicho, mtaa wa starehe wa kweli pale Shinjuku. Kiryu ni kijana wa miaka 20, yuko chini ya familia ya Dojima, yani tawi la genge linaloongozwa na bosi Dojima, anatumwa kwenda kudai deni la shailoki, mkopeshaji wa riba kali. Anampiga mdaiwa kwenye kiwanja kidogo kilichojificha nyuma ya majumba, anaondoka, baadae taarifa ya habari inasema yule mtu ameokotwa pale pale amekufa kwa risasi. Kiryu hakumpiga risasi. Lakini mambo yamefika kwa polisi, na shida kubwa kwa wakubwa wake wala si maiti, shida ni kile kiwanja.

Kile kiwanja ni kidogo, mita chache tu za zege chafu, mapipa ya taka na kuta za nyuma za majumba ya watu. Lakini kuna mradi mkubwa wa kubomoa na kujenga upya mtaa mzima, na vipande vyote vimeshanunuliwa isipokuwa hicho, hakuna anaejua mwenye nacho ni nani. Dojima anawaambia manaibu wake watatu, Kuze, Awano na Shibusawa, atakaeniletea kiwanja hiki ndie atakua namba mbili wangu. Basi. Damu yote ya gemu hii, masaa 30 ya watu kupigwa viti vya kichwa, inatoka kwenye zile mita chache.

Na hapa ndo nasema gemu haidanganyi. Miaka ile ya 1980 mwishoni Japani pesa ilikua imefura, mabenki yanakopesha yeyote mwenye ardhi, ardhi inapanda bei, anakopa tena kwa ile bei mpya, ananunua nyingine. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni Disemba 29, 1989, karibu pointi 38,916, alafu likaporomoka na ilichukua zaidi ya miaka 30 kurudi pale. Sasa kampuni ikitaka kujenga ghorofa katikati ya Tokyo inahitaji mtaa mzima, na katikati ya mtaa kuna bibi mwenye duka la tambi ambae amesema siuzi, mume wangu amefia hapa na mimi nitafia hapa. Benki haiwezi kwenda kumtisha. Kampuni yenye jina haiwezi. Kwa hivyo kazi ile ilipewa watu wa kazi hiyo: makelele usiku kucha nje ya dirisha, taka zinamwagwa mlangoni, wateja wanatishwa hadi wanaacha kuja, lori linarudi nyuma linagonga ukuta kisha dereva anaomba radhi, na mara nyingine moto. Bibi anauza. Waliotia sahihi karatasi ni watu safi wenye tai na hakuna mkono wao hata mmoja ulioonekana pale.

Mtu wa Mombasa huhitaji kuelezewa hili. Sisi hapa tuna kitu ambacho wageni hawakielewi kabisa, nyumba bila ardhi, nyumba ni yako uliyojenga kwa jasho lako pale Majengo ama Tudor, na kiwanja chini yake ni cha mtu mwingine ambae unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi na labda hujawahi kumuona uso, babu yako alimlipa babu yake. Siku kiwanja kikiuzwa juu ya kichwa chako unaletewa barua. Na barua ikikawia kuleta matunda wanakuja vijana, wanakaa tu kwenye jiwe mkabala na mlango wako, hawasemi neno, wanakaa, asubuhi wapo, jioni wapo. Nimeliona hilo mtaani kwetu, kwa jirani yetu mama mtu mzima, na wale vijana wenyewe nilikua nawajua, wawili tumesoma madrasa moja. Hawakua na ubaya nae. Walikua wanalipwa kwa siku. Kwa hivyo nilivofika pale gemu inapoonesha watu wa ofisi ya nyumba na viwanja na watu wa genge wanazunguka kipande kimoja cha zege kama vile, sikuhisi nipo Tokyo.

Uchezaji wenyewe ni mtamu. Kiryu ana staili tatu za kupigana na Majima, ambae ni mhusika wa pili, ana zake, unabadilisha katikati ya vita, unaokota baiskeli ama kiti ama bango la duka unamvurumishia mtu. Ukimpiga mtu pesa zinamruka mwilini, noti halisi zinapaa hewani, na zile pesa ndo unazotumia kujiongezea nguvu, unanunua ngumi kali kama mtu anaenunua kiwanja. Kuna wakati wahuni wanakuzuia njia na unaweza kurusha mafungu ya noti chini, wakainama kuokota wewe ukapita zako. Waliobuni hivi walifikiri sana. Miaka ile yote iko ndani ya hicho kitendo kimoja. Alafu kuna karaoke, disko, uvuvi, mashindano ya vigari vidogo, na kuseivu unaseivu kwenye kibanda cha simu mana ni 1988, hakuna simu ya mkononi, watu wanaitana kwa peja.

Kuna sehemu moja nataka kuisifu kwa dhati, ni ile anayoingia Majima. Tuko Osaka, mtaa wa Sotenbori uliofuata sura ya Dotonbori. Yeye ni meneja wa klabu kubwa ya kabareti, jicho moja amefunika na kitambaa cheusi, koti la mikia, na kuna mteja mlevi tajiri anamsumbua msichana wa kazi mbele ya ukumbi mzima. Utadhani atampiga. Hampigi. Anainama, anamuita bwana mkubwa, anamhudumia kwa adabu mpaka adabu yenyewe inakua silaha, yule mteja mwisho anajikuta hana pa kukanyaga na ukumbi mzima unapiga makofi. Niliwahi kufanya kazi ya kuhudumia meza kwenye hoteli ya wageni Pwani Kaskazini na nakwambia ile ni kazi ya kweli, imechorwa na mtu aliewaangalia wahudumu kwa makini. Alafu unakuja kugundua Majima mwenyewe ni mfungwa. Klabu ndo jela yake, kosa alilofanyia genge analilipa kwa kuwaingizia pesa, na kila anapopita mtaani kuna jicho linamfuata, muuza chakula, ombaomba, wote wanamtazama kwa niaba ya bosi. Hapo gemu imesema kweli tena: kwenye genge mtu ni mali inayozaa, na siku haizai wanaitupa.

Sasa nije kwenye rangi waliyopaka.

Kiryu haui mtu. Kwenye vijistori vya pembeni anamrudishia mtoto gemu yake iliyoibiwa, anamsaidia mwanamke mwenye haya ajiamini kazini, anawapiga matapeli, kila ukikunja kona kuna mnyonge na Kiryu anamtetea. Ni vizuri kuvicheza, vingine vinachekesha mpaka mbavu zinauma, vingine vinaliza. Lakini kijana wa kweli wa yakuza 1988 ndie alikua yule anaetapeli, ndie alikua akidai watu deni la shailoki, ndie aliegonga ule ukuta kwa lori. Gemu imechukua mtu mmoja msafi ikamvisha suti ya genge, alafu sifa zake zikahamia kwenye suti.

Chukua kile kitendo cha Kuze. Ameshindwa na Kiryu mbele ya watu, kwa hivyo mbele ya bosi wake inabidi ajikate kidole cha mwisho kuomba radhi. Gemu inakionesha taratibu, mzee mzima amepiga magoti, jasho, kisu, na kamera inamheshimu. Hii mila ni ya kweli, ni ya zamani sana tangu wale wacheza kamari wa enzi ya Edo, karne kadhaa nyuma, ambao pamoja na wachuuzi wa kwenye sikukuu ndio asili ya yakuza. Upanga ukiushika nguvu inatoka kidole cha mwisho, kwa hivyo alieikata pingili yake alikua anabaki mpiganaji dhaifu, anazidi kumtegemea bosi wake. Hebu ifikirie vizuri hiyo. Wanaiita toba lakini kazi yake ilikua kumfanya mtu asiweze kujitetea bila genge. Na ile ya kunywa sake, pombe ya mchele, kikombe kimoja, mkubwa anakua baba na mdogo anakua mwana, ni nzuri kuitazama, imefanywa kwa heshima zote, lakini mwana yule anapeleka pesa kwa baba kila mwezi, na baba akitafutwa na polisi ni mwana anaekwenda jela.

Na kuhusu ile habari inayopenda kusemwa, kwamba yakuza hawagusi raia. Mei 1992 mtengenezaji filamu Juzo Itami alitoa filamu ya kuwacheka yakuza, inayoonesha vile wanavokula pesa za watu kwa vitisho na vile mtu wa kawaida anaweza kuwagomea. Siku chache tu baada ya filamu kutoka, wanaume wa genge walimvizia karibu na nyumbani kwake wakamkata uso na visu. Mwaka 1994 meneja wa benki huko Nagoya alipigwa risasi nyumbani kwake akafa, wakati ambapo mabenki yalikua yanahangaika na ile mikopo mibovu ya ardhi ambayo mingi ilikua imeingia mikononi mwa magenge; magenge yakashukiwa, ingawa hakuna aliehukumiwa kwa mauaji yale. Aprili 2007 meya wa Nagasaki, Iccho Itoh, alipigwa risasi na mtu wa genge akiwa kwenye kampeni. Mtengeneza filamu, mtu wa benki, meya. Hao si raia?

Sisemi hakuna upande mwingine. Upo na ndio unaonivuta mimi kwenye mada hii, na gemu hii haiugusi vya kutosha. Genge kubwa kuliko yote Japani, Yamaguchi-gumi, lilianza 1915 bandarini Kobe. Mwanzilishi wake Harukichi Yamaguchi alikusanya makuli wa pale bandarini, wapakuzi wa meli. Bandari, jamani. Meli ikifika inahitaji migongo mingi kwa siku mbili tatu alafu haihitaji hata mmoja, kwa hivyo yule anaeweza kuleta watu mia alfajiri na kuhakikisha hawagomi ndie mfalme wa gati, kampuni ya meli inamlipa yeye na yeye anawalipa wao kilichobaki baada ya mkono wake. Baada ya vita kuu ya pili Kazuo Taoka alishika usukani, 1946 mpaka alipofariki 1981, na nguvu yake ilisimama juu ya miguu miwili, kazi za bandarini na biashara ya burudani, wanamuziki na mieleka.

Babu yangu mzaa mama alikua kuli Kilindini. Alikua akitusimulia ule mgomo mkubwa wa Januari 1947 ambao Mombasa nzima ilisimama, wakati wa Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, na ule wa makuli wa 1955, na siku zote alikua akisema adui wa kibarua wa kwanza si mzungu, ni yule mwenzio aliesimama getini na daftari la majina. Wa kumpa kidogo ili uitwe. Kobe na Kilindini ni kazi ile ile, meli zile zile pengine, na kule yule mtu wa daftari akapata ofisi, akapata mihuri, akapata familia ya maelfu ya watu. Huku makuli walipata chama. Sisemi chama hakikua na matatizo yake, lakini nikifikiria hiyo njia panda naona tulibahatika pakubwa na hatujui.

Na waliojaza yale magenge ni nani? Wengi walitoka kwa watu ambao jamii ya Kijapani iliwafungia milango, wale wa koo za kazi zilizoitwa najisi, ngozi na machinjo, na wale wenye asili ya Korea. Ofisi hazikuwaajiri. Genge halikuuliza ukoo wako. Hili halimtakasi mtu lakini linaeleza, na mtu yeyote wa Kisauni aliewahi kupeleka barua za kazi akaona anwani yake inavotazamwa ataelewa bila mimi kuendelea.

Kingine ambacho huku watu hawaamini nikiwaambia: kua yakuza Japani si kosa la jinai kwa yenyewe. Walikua na ofisi zenye kibao mlangoni, kadi za biashara zenye nembo, polisi anajua namba ya nyumba. Tetemeko la Januari 1995 lilipoiangusha Kobe, Yamaguchi-gumi ambao makao yao yako pale pale mjini walitoa maji na chakula kwa watu wakati serikali bado inajikusanya, na 2011 baada ya ile tsunami magenge yalituma malori ya misaada tena. Kuna mabibi wa Kobe waliokula kile chakula na siwezi kuwalaumu wakikumbuka kwa wema. Lakini mwaka huo huo wa tsunami, mtambo wa nyuklia wa Fukushima ulipohitaji vibarua wa kusafisha, magenge yakawa ndani ya biashara ya kuwapeleka na kuwakata mishahara, watu wakaja kukamatwa. Mkono huu unagawa maji, mkono huu umeshika daftari. Hata peremende Yamaguchi-gumi walikua wakiwagawia watoto wakati wa Halloween pale makao yao makuu, mpaka mkoa wa Hyogo, ambao Kobe imo ndani yake, ukapitisha sheria 2020 kuwakataza kuwapa watoto chochote.

Vile serikali ilivyowamaliza ndo sehemu ninayotamani gemu ya miaka ya 1980 ingeweza kuonesha na haiwezi. Haikua kwa risasi. Mwaka 1963 walikua karibu watu 184,000. Sheria ya kuyabana magenge ilianza kazi Machi 1992. Alafu mkoa kwa mkoa zikaja kanuni za kumbana yule anaefanya biashara nao, na kufika Oktoba 2011 mikoa yote 47 ilikua nazo. Yani sasa mwenye duka akimpa yakuza pesa za ulinzi, ama hoteli ikimkodishia ukumbi wa sherehe, yule mwenye duka nae ana kesi ya kujibu na jina lake linaweza kutangazwa. Hapo ndo wakakauka. Yakuza hafungui akaunti ya benki, hapangi nyumba kwa jina lake, hapati laini ya simu, hakati bima. Na akiacha genge bado kwa kawaida anahesabiwa ni wa genge kwa miaka mitano mingine, kwa hivyo mtu ametoka, anataka kazi, mwajiri anasema mshahara unaingia benki, na benki haimtaki. Hilo la miaka mitano mimi naliona ni kosa kubwa la wakubwa wa kule, unamwambia mtu atoke alafu unamfungia mlango wa kutokea. Mwisho wa 2024 polisi walihesabu 18,800, na zaidi ya nusu ya wanachama ni watu wa miaka 50 kwenda juu. Wazee. Kuna waliokamatwa usiku wanazamia jongoo bahari kuiba, jamaa ya wale jongoo wanaovuliwa Shimoni na Vanga wakauzwa Uchina, mana bei yake ni nzuri.

Lakini uhalifu haukuisha, na kijana anaeota suti ya Kiryu alisikie hili. Waliochukua nafasi hawana suti wala ofisi wala kibao. Ni watu wasiojuana, wanatafutana kwenye mitandao, tangazo linasema kazi nyepesi malipo mazuri leo leo, kijana anatuma picha ya kitambulisho chake, na akishatuma ameshakwisha, akikataa kazi wanamwambia tunajua kwa mama yako. Kazi yenyewe ni kwenda kuchukua pesa kwa bibi ambae amepigiwa simu na mtu anaejifanya mjukuu wake yuko kwenye shida. Sasa wewe niambie hapa kwetu nani hajapata mesej ya tuma kwa namba hii, ama simu ya mwanao amepata ajali tuma pesa ya hospitali haraka. Bibi wa Osaka na bibi wa Likoni wanaliwa kwa mtindo mmoja. Na kijana anaekamatwa ni yule wa kuchukua pesa, aliempigia simu yuko mbali hata jina lake hajui.

Turudi kwa gemu yenyewe tumalize. Ubaya wake mwingine: inakawia kuanza, masaa mawili matatu ya kwanza ni maneno zaidi ya ngumi, na vijana wa kibandani wanaolipia kwa saa watanung'unika. Picha za mitaani ni za zama za PS3, nyuso kwenye stori kuu ni nzuri mno lakini wapita njia wamekauka kama sanamu. Pambano za Kuze, mana anarudi tena na tena yule mzee, ni ngumu, weka dawa za kutosha mfukoni kabla hujaingia na ujizoeshe kukwepa. Na wazazi, tafadhali, Ulaya imewekewa alama ya 18 na ni haki yake, mbali na damu kuna michezo ya simu za wasichana na video za wanawake nusu uchi ambazo hazina haja ya kuwemo kabisa, zinaishusha gemu ambayo imemchora Makoto, yule msichana kipofu ambae wote wanamtafuta, kwa utu mkubwa namna ile. Simwagi zaidi kuhusu Makoto. Mpwa wangu ana miaka 19 na tulicheza pamoja, mdogo wake tulikua tunamtoa chumbani.

Ukishaimaliza na ukapenda, nakushauri uzifuate kwa mpangilio mpaka ufike zile mpya ambazo mhusika mkuu ni Ichiban Kasuga, ya kwanza yake ilitoka 2020 na ya pili 2024. Ni za zamu kwa zamu, si za ngumi za moja kwa moja, wengine hawazipendi kwa hilo. Lakini humo ndo wametia yale niliyokua nayalilia huku juu, magenge yanakufa, watu wamefungiwa benki, ile miaka mitano iko mle kwa jina lake, na mtu aliekaa jela kwa ajili ya bosi wake anatoka baada ya miaka 18 anasimama getini na hakuna hata mmoja wa familia aliekuja kumpokea. Anza na hii ya 1988 kwanza umuone Kiryu akiwa kijana, ndo zile zitakuuma inavyotakiwa.